Swichi Chini ya Plasta

Mikelenge, Jumapili, saa tisa alasiri

Feza wangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako Zaina, na mama yako yuko uani anakaanga karanga za safari. Nina saa mbili hivi za kukaa peke yangu na meza. Nimeweka kalamu ya pili pembeni, maana hii ya kwanza hukauka mtu anapofika mahali pagumu, na barua hii ina mahali pagumu.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako ameyamaliza: maji ya kuchemsha, watu wa kusalimia Ubundu boti itakapofika, namna ya kulalia mfuko ndani ya boti ili mtu asiuvute. Ameyasema mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa unaitikia kabla hajafika mwisho. Mimi nina jambo moja tu. Juma lile tulipoitafutia mashini, kompyuta yetu hii unayoondoka nayo, njia ya kuingia kwenye intaneti, wewe unakumbuka kwamba tulitafuta pamoja tangu Jumatatu mpaka Alhamisi. Si kweli. Kuanzia Jumanne ulitafuta peke yako. Mimi nilikaa kando yako nikijua kitu kilipo, na nikanyamaza.

Sasa nimeandika, na kalamu haijakauka. Niendelee kwa utaratibu.

Unakumbuka jinsi sekretaria yetu, kiduka chetu cha kuchapisha, ilivyosimama. Wateja walileta flashi zao za kuchapisha kazi za shule na barua za ofisini, kila flashi na ugonjwa wake, mpaka asubuhi moja mashini ikawaka, ikaonyesha mstari mmoja mweupe, ikabaki pale. Mimi nikasema imekufa. Nilisema haraka sana, hata kabla ya kukaa kwenye kiti. Wewe ulikwenda kwa mwalimu wako wa informatiki, ukarudi na flashi moja na karatasi mbili alizoandika kwa mkono, ukasema mle ndani mna Linux, programu ya kuendeshea mashini, haina bei, na mashini za zamani zinaipenda.

"Kitu kisicho na bei kina kasoro," nikakuambia.

"Baba, weye pia hauna bei," ukasema, na mama yako akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Ikaingia. Skrini ikawaka, herufi zikaandikika. Lakini printa ilikataa, na sekretaria bila printa ni nyumba tu yenye meza. Hapo ndipo nilipokufundisha kosa, nikiwa nadhani nakufundisha kazi. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikakuamuru uchague jina jingine la printa kwenye orodha, yote kwa mara moja. Printa ikanguruma, ikatoa ukurasa. Tulishikana mikono kama watu waliosaini mkataba. Kesho yake ikakataa tena, na hakuna kati yetu aliyejua ni lipi kati ya yale matatu lililoiponya jana. Tulipoteza siku nne. Mama yako alipita na beseni la nguo akatuangalia.

"Baba Feza, unaizunguka hiyo printa kama mganga mwenye kutafuta mchawi. Ukimupata utamufanya nini?"

Kutoka siku ile nikaweka sheria ya meza: tunagusa kitu kimoja, tunakiandika, tunajaribu, tunaandika jibu, ndipo tunagusa kingine. Wewe ulinunua daftari lako mwenyewe la mistari na kuanza kuweka namba. Namba sita ilikuwa waya: waya wa zamani, mashini haioni printa; waya ule mwingine, jina la printa linatokea. Ulikuwa umekatika ndani, hauonekani kwa macho. Ukiukunja upande mmoja unashika, ukiuachia unaacha. Tuliutupa, na sekretaria ikafunguliwa siku ile ile. Nakumbuka ulivyobandika karatasi mlangoni, TUNACHAPISHA, ya kwanza kutoka kwenye printa, wino bado haujakauka.

Sheria hiyo ya meza nilikuwa na haki ya kuitunga. Haki ya kuisahau sikuwa nayo.

Halafu likaja jambo la Kisangani. Jumapili ile mwalimu wako alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa, akakataa chai, akasema chuo kina nafasi kwa wasichana wanaotaka kusoma informatiki, malazi ndani yake, na fomu inajazwa kwenye intaneti kabla ya Jumamosi saa sita. Wewe ulisimama nyuma ya kiti cha mama yako, ukaushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Niliiona ile mikono.

Jumatatu ulikwenda kwenye sibeli ya mjini, pale pa kulipia intaneti, ukakuta mlango umefungwa, radi ilikuwa imepiga antena yao. Simu yetu ni ya tochi. Simu ya Mama Riziki jirani ni kubwa, lakini fomu ilikataa ndani yake: kila ulipofika ukurasa wa tatu ilikurudisha mwanzo. Mdomo wa waya wa simu ile ulikuwa umechakaa, unapokea umeme tu, haupitishi kitu kingine. Ikabaki njia moja. Simu ya Mama Riziki itoe intaneti hewani, na mashini yetu iipokee hewani. Na mashini yetu haikuona kitu. Mahali ambapo majina ya mitandao yangetokea palikuwa peupe.

Jumatatu nzima nilikusaidia kwa moyo. Jumanne asubuhi, ukiwa kisimani, nilivuta lile kasha la bati chini ya kitanda nitazame madaftari yangu ya kila siku. Nilitaka kuona mtu aliyeniuzia mashini alisema nini juu yake siku ile. Nilipata ukurasa. Nakunakilia kama ulivyo:

"Jumamosi. Mashini imefika, imefungwa ndani ya blanketi. Betri inakaa saa moja na nusu. Ubavuni, upande wa kushoto, kuna swichi ndogo ya redio yake. Nimeizima. Nimebandika plasta juu na kuipaka kalamu nyeusi isionekane."

Ulikuwa darasa la sita la msingi nilipoandika hayo, nami nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote tulichapa na kuchapisha tu, hakuna aliyehitaji redio ya mashini, ile inayokamata mitandao hewani. Nilisimama na daftari mkononi, nikakusikia unatua ndoo. Nililirudisha ndani ya kasha. Ukaingia ukaniuliza kama nimepata kitu.

"Sijapata," nikasema.

Jioni yake nikaandika: "Mashini bado." Maneno mawili, yote ya uongo.

Lazima nikueleze kwa nini mtu anabandika plasta kwenye swichi. Hakuna fundi yeyote duniani atakayekufundisha hilo huko unakokwenda, kwa sababu ni kosa la watu wa huku, wa umri wangu.

Unajua kwamba wakati wa vita nilifanya kazi ya foni, ile redio kubwa ya kuongea na miji ya mbali. Umesikia sehemu nzuri: jinsi nilivyojua sauti za watu wa Kasongo, wa Kibombo, wa Tunda bila kuwaona, jinsi watu walivyojipanga uani kwa mfanyabiashara mmoja mwenye antena ndefu, kila mmoja na ujumbe wake kichwani. Sehemu ile nyingine sikukusimulia. Katika mwaka wa pili wa vita, barabara zikiwa zimefungwa na treni haiji, kila mwenye bunduki aliitaka foni au aliiogopa. Wakiisikia inaongea, walisema unaongea na wale wa ng'ambo. Mfanyabiashara yule, mwenye nyumba, alikimbia akaniachia ufunguo. Mimi nikatunga hila. Ndani ya foni mlikuwa na fizible, kile kioo chembamba chenye uzi ndani yake. Ukikitoa, foni haiwaki hata ukiipigia magoti. Nilikitoa, nikakifunga ndani ya karatasi, nikakiweka mfukoni.

Wakaja. Mkubwa wao alibonyeza kila kitu.

"Njo foni hii?"

"Njo yenyewe, afande. Imekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

Alipitisha kidole juu yake, akakitazama. "Maiti gani hii unaipanguza vumbi kila siku?"

"Ni mali ya watu, afande. Mwenyewe akirudi, aikute safi."

Wenzake walicheka, naye akacheka, wakaondoka na redio ndogo ya kusikilizia na viatu vyangu. Walirudi mara nyingine, na wengine baada yao, na kila mara maiti ilikuwa maiti. Foni ilipona. Watu wa mtaa walipojua baadaye walinisifu, na nilizipokea sifa.

Lakini wakati ule shangazi yako Zaina alikuwa anakaa kwangu. Mumewe Salumu alikuwa mjini Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, na walikuwa wameagana kwamba atarudi kwa njia ya Pangi. Zaina akapata habari sokoni kwamba njia ile imeharibika, watu wanatekwa. Akanijia asubuhi, akaketi pale mlangoni, ananyonyesha.

"Kaka, niitie Kama. Neno moja tu. Wamuambie Salumu asitoke."

Fizible ilikuwa mfukoni. Kama ilikuwa na foni, na mwenye foni ya kule nilimfahamu kwa sauti. Ingekuwa kazi ya dakika mbili.

"Imekufa, Zaina," nikasema. "Unajua imekufa."

Aliniuliza siku tatu mfululizo. Siku ya nne alimwachia mama yetu mtoto, akafunga kitenge kiunoni, akaenda Kama kwa miguu. Alimkuta Salumu, na wote wawili walirudi wazima kwa njia za msituni baada ya majuma mengi. Lakini alikuwa amekanyaga kisiki, kidonda kikaoza njiani, na mguu ule unaujua. Umeuiga ukiwa mdogo, ukachapwa. Ukimuuliza alipata wapi mguu ule, husema: vita. Na ni kweli. Ila katika vita hiyo kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa na bunduki, alikuwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Daftari la siku ile linasema: "Foni imekufa. Zaina ameondoka." Niliogopa hata daftari lisije likasomwa.

Hofu ya wale wenye bunduki ilikuwa na sababu. Ninalojilaumu ni kwamba baada ya muda sikuhitaji tena kuogopa ili niseme imekufa. Neno lilikuja lenyewe. Lilinipa amani: kitu kikifa hakuna anayekuomba kitu. Vita ilipokwisha, mwenye nyumba alirudi akachukua foni yake, na mimi nikabaki na lile neno. Niliponunua mashini na muuzaji akanionyesha kwa fahari kwamba ina redio ndani, inaweza kusema na mashini nyingine hewani, niligeuka kutazama kama kuna anayetusikia. Nilifika nyumbani, nikaizima, nikabandika plasta. Hakuna askari aliyekuwa mlangoni. Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, watu wanatoka sokoni.

Sasa rudi Jumanne yetu. Ungeweza kusema baba aliona aibu ya ile plasta. Ningependa iwe hivyo. Ukweli ni kwamba nilisimama na daftari nikahesabu: nikimwambia, fomu itakwenda, fomu ikienda, atachukuliwa, akichukuliwa, ataondoka. Nikaona kiti chako kitupu. Nikaona mimi na printa. Na lile neno likaja, laini, kama kawaida yake.

Jumatano ulijaribu namba saba na namba nane. Nilikuletea chai. Mwanangu, hakuna kitu kibaya kama kumletea chai mtu unayemwibia.

Alhamisi ndiyo siku ninayotaka uibebe. Jua lilikuwa zuri, paneli ilijaza betri tangu asubuhi. Ulikaa umenipa mgongo.

"Baba, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

"Ungali na kutafuta tu? Hii kintu imekufa, mama. Acha ipumzike."

"Haikufe. Angalia. Kadi ya redio iko pa liste."

"Hata marehemu wako pa liste ya uchaguzi."

Hukucheka. Ulifungua daftari lako ukanisomea kwa sauti, kama mtu anayesoma mashtaka mbele ya tribinali. Namba tisa: kadi ipo, mashini inalitaja jina lake. Namba kumi: programu ya kuiendesha imepakiwa. Namba kumi na moja: simu ya Mama Riziki inatoa intaneti kweli, kwa sababu simu ya mwalimu imeikamata. "Basi haiko kadi, haiko programu, haiko simu," ukasema. "Imebaki kitu kingine." Kwenye karatasi ya pili ya mwalimu, chini kabisa, kulikuwa na amri moja ambayo hatukuwahi kuitumia, rfkill, na pembeni ameandika: kuona kama redio imefungwa. Uliandika namba kumi na mbili, ukaichapa. Ilitoa mistari miwili. Wa kwanza ulisema programu haizuii kitu. Wa pili ulisema kizuizi kipo, na kipo kwenye mwili wa mashini.

Uliusoma tena kwa kidole. Halafu ukasema polepole, "Baba, mashini inasema kuna muntu aliifunga kwa mukono."

Uliifunga mashini, ukaiweka mapajani, ukafumba macho, ukaanza kuipapasa pembeni pembeni kama mtu anayemtafuta mtoto mwiba. Vidole vyako vilipita kulia, vikapita nyuma, vikaja kushoto. Nilikuwa na muda wa kusema. Ulikuwa muda mrefu. Vidole vikasimama.

"Baba, hapa kuna plasta."

"Plasta?"

"Iliyopakwa weusi. Muntu gani wa kupaka plasta weusi?"

"Mafundi wa zamani," nikasema.

Uliibandua kwa ukucha. Ulisukuma swichi. Taa ndogo ya bluu ikawaka pembeni ya kibodi, taa ambayo miaka yote hiyo sijawahi kuiona. Ulipofungua mashini, pale palipokuwa peupe palikuwa na jina moja. Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni na simu yake mkononi, kama siku zote, akiilinda.

"Feza, mbona uko unaangalia hivyo?"

"Mama Riziki, jina lako liko humu."

"Langu?" Akaingia na viatu. Akainama mpaka pua ikakaribia skrini, akasoma jina lake herufi kwa herufi. "Njo mie huyu. Niko ndani ya mashini ya watu, na hata sijachana nywele."

Mama yako alikuja mbio akidhani kuna mtu ameungua, akakukuta umesimama juu ya kiti. Ulipiga kigelegele cha mtu mzima, cha harusini. Nami nililia, Feza. Ulinishika shingo ukasema, "Baba analia kwa furaha." Ilikuwa furaha. Sikutarajia, lakini ilikuwa furaha, tena kubwa. Mtu anayeficha kitu hudhani akigunduliwa ataanguka. Mimi niliposhindwa nilihisi kama aliyetuliwa mzigo. Na nilishindwa kwa njia gani? Kwa sheria yangu mwenyewe ya meza, kitu kimoja kimoja, namba kwa namba, mpaka hapakubaki mahali pa kujificha ila pale nilipokuwa. Nimefanya kazi na mashini za sauti tangu ujana wangu, na sijapata kuona kazi safi kama ile.

Ijumaa ulituma fomu. Utakumbuka mawingu yalivyokuja tangu saa nne, na betri ikaanza kushuka kabla hujamaliza kupakia karatasi zako za diploma ya sekondari. Nilipanda juu ya paa, nikaing'oa paneli kwenye misumari yake, nikaishika kwa mikono miwili nikiigeuzia kila tundu la jua lililofunguka. Nilikaa juu kule mpaka miguu ikafa ganzi. Watu walisimama barabarani.

"Papa Feza, siku hizi unauza jua?"

"Naliazima," nikasema. "Nitalirudisha jioni."

Wewe ulidhani nilipanda kwa sababu ya mawingu. Mawingu yalikuwepo. Lakini nilikuwa nalipa Jumanne na Jumatano. Nilipokusikia chini unasema "Imeenda," niliuliza "Imeenda wapi?" ili nilisikie jina lenyewe, nawe ukasema "Kisangani," na sikutaka kushuka.

Jibu lilikuja juma lililofuata, ukalichapisha kwenye printa yetu, nakala tatu, moja ya chuo, moja ya mama yako, moja ukaibandika mlangoni karibu na ile TUNACHAPISHA. Wateja wawili waliisoma wakaniuliza ni bei gani kuandikiwa barua kama ile. Niliwaambia ile haiuzwi, inatafutwa kwa namba moja mpaka kumi na mbili.

Imebaki sehemu moja. Jana nilikwenda kwa Zaina. Huenda leo amekwisha kukuambia. Basi soma na upande wangu. Nilimkuta anabambua karanga. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: fizible, karatasi, mfuko, Kama, dakika mbili. Aliendelea kubambua.

"Ilikuwa mufukoni?"

"Ndiyo, Zaina."

"Siku zote tatu?"

"Zote tatu."

Alibambua nyingine tano au sita. Nilizitazama zikianguka kwenye ungo. Nilingoja anitukane, na ningekaa nikasikiliza hata mpaka leo.

"Boti ya mutoto inaondoka saa ngapi kesho kutwa?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Utakuja kunichukua na pikipiki. Ya kukodi, si ya kuomba. Mie sitatembea tena kwa ajili yako, hata mpaka bandarini."

"Nitakuja."

"Na utanisubiri nje. Nitachelewa kwa makusudi."

Huo si msamaha, na mimi siuiti msamaha. Lakini ni safari, na nitamwendesha polepole.

Nilifikiri kuzichukua siri hizi nikae nazo, uondoke ukiwa na baba aliyelia kwa furaha tu. Sikuweza, kwa sababu ya kazi unayokwenda kujifunza. Watu watakuletea mashini zao na kukuambia zimekufa, na wengine watakuwa wanajua vizuri sana zilivyofungwa na nani. Usiwadharau. Fanya kama ulivyofanya Alhamisi: hukuniamini mimi, uliamini daftari lako, na hata hivyo ulinisomea kwa adabu. Sina zaidi ya hilo la kukufundisha, na hata hilo nimejifunza kwako.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unamsalimia Mama Riziki, naye anakuuliza kama Kisangani pia jina lake litaonekana. Kwa hiyo nafupisha. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa bluu, juu ya mashini, ili uikute ukishapita Ubundu na huwezi kurudi kuniuliza maswali. Ukinikasirikia, kasirika mpaka mwisho, kisha unipigie.

Leo nimeandika katika daftari langu mistari yote kama ilivyokuwa, Jumanne ile na Jumatano ile, na siku ya Zaina pia, kila moja mahali pake, kwa wino mweusi. Na chini ya tarehe ya leo nimeandika: "Mashini inafanya kazi. Feza anaondoka." Nimeyasoma mara mbili. Yote mawili ni kweli, na nimefurahi kwa yote mawili.

Kesho asubuhi mama yako atataka kubeba kila kitu. Mwachie masanduku. Mfuko wa bluu nitaubeba mimi mpaka ndani ya boti, nami ndiye nitakayeutia mikononi mwako.

Baba yako,
Ramazani